Mizani haijui kulia wala kushoto, mwanga unajua

ROBOTA la viatu vya mitumba likipandishwa kwenye mizani halisemi lina viatu vingapi vya mguu wa kushoto na vingapi vya mguu wa kulia. Kilo ni zile zile. Ukivihesabu, idadi ni ile ile. Soli, rangi na kamba havitofautiani. Kasoro huonekana siku mteja anapojaribu kuvaa, na hapo mwenye duka anakuwa ameshalipa ushuru wa forodha na nauli ya lori.

Dawa nyingi zinazopita Kobero, Mugina na mipaka mingine ya nchi zetu zina tabia hiyo hiyo ya viatu. Molekuli zake, yaani vile vipande vidogo kabisa ambavyo dawa imeundwa navyo, huja kwa mapacha wawili: mmoja ni wa kushoto, mwingine ni wa kulia. Ni sawa kwa kila kitu, isipokuwa hawawezi kulaliana, kama kiganja chako cha kushoto kisivyoweza kulalia cha kulia vidole vikaelekeana na migongo ikatazama upande mmoja. Wanasayansi huiita hali hii kairaliti, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkono. Katika makala haya nitasema tu mapacha.

Mwili wa binadamu ni kama mguu: unajua kiatu kipi ni chake. Mizani haijui. Ndiyo maana nataka kuzungumzia kifaa ambacho kinajua, yaani mwanga, na jinsi wataalamu wanavyotumia chembe ndogo mno za dhahabu ili mwanga huo uone vizuri zaidi.

Kidonge cha kichocho

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, pamoja na ndugu zetu wa Kigoma na Uvira, tunaifahamu praziquantel. Ni dawa ya kichocho inayogawiwa shuleni. Mtoto husimama kwenye kijiti chenye alama, anapimwa urefu, kisha anapewa vidonge kulingana na alama aliyofikia. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia zoezi hilo anajua sura wanazokunja watoto. Kidonge ni kikubwa, na ni kichungu kuliko maelezo.

Dawa hiyo ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1970 na kampuni za Bayer na Merck, na imeokoa watu wengi. Lakini kidonge chake cha kawaida cha miligramu 600 ni robota la viatu mchanganyiko. Miligramu 300 ni za pacha anayeua minyoo. Miligramu 300 zilizobaki ni za mwenzake, ambaye kwa minyoo hana faida ya maana, na ndiye anayechangia sana ule uchungu. Mtoto anameza mzigo maradufu ili apate dawa nusu.

Kwa nini basi mapacha hawa hawakutenganishwa tangu mwanzo? Kwa sababu kuwatenganisha ni kazi ghali. Wote huyeyuka kwa joto moja, na maji huwayeyusha wote sawasawa. Ukiwachemsha, ukiwachuja au ukiwapima, hupati pa kuwakatia. Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na Matthew Todd wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, lilichapisha njia ya kuwatenganisha kwa gharama nafuu. Kazi hiyo ilifanywa hadharani, mtu yeyote akiruhusiwa kutazama na kuchangia. Siri ilikuwa kumpa kila pacha mshirika mwenye mkono wake, yaani kitu kilichotengenezwa kutokana na asidi ya tartari. Ndiyo asidi inayofanya ukwaju uwe mchachu.

Baadaye kikaja kidonge cha watoto wadogo, arpraziquantel, chenye pacha mmoja tu, yule anayefanya kazi. Ni cha miligramu 150, huyeyushwa majini, na kimekusudiwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, ambao kwa muda mrefu hawakuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao. Kilijaribiwa Kenya na Ivory Coast. Wakala wa dawa wa Ulaya ulitoa maoni ya kukikubali Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani likakiingiza kwenye orodha yake mwaka 2024, na mwaka 2025 watoto wa Uganda wakawa wa kwanza kukipokea katika utoaji wa kawaida.

Sasa sisi wa mpakani tujiulize swali ambalo mtu wa maabara ya Ulaya huenda asiliwaze haraka. Je, mjanja akichukua praziquantel ya zamani, akaisaga, akaifinyanga vidonge vidogo vya miligramu 150 na kuvibandika jina jipya, nani atamkamata? Uzito ni sawa. Unga ni mweupe vile vile. Vipimo vya kawaida vya ukaguzi, vile ambavyo tone la dawa hupandishwa kwenye karatasi maalumu au bamba ili kuona linafika wapi, vitaonyesha praziquantel, na kwa kweli ni praziquantel. Ila mtoto atakuwa amepata nusu ya dozi. Hatakufa siku hiyo. Minyoo itabaki, na mayai yake yataendelea kuumiza ini mwaka baada ya mwaka, hadi tumbo lianze kuvimba.

Sisemi kwamba jambo hilo limetokea. Nasema mlango upo, na kitasa chake ni mwanga.

Kamba kwenye ua wa mianzi

Chukua kamba, ipitishe kati ya fito za ua zilizosimama wima, kisha mtu aitikise upande wa pili. Akiitikisa juu na chini, wimbi linapita. Akiitikisa kushoto na kulia, fito zinalizuia. Mwanga nao ni wimbi, na mwanga wa jua hutikisika pande zote kwa pamoja. Kuna vioo na plastiki maalumu zinazofanya kazi ya ua huo: zinaruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu. Mwanga uliopita hapo tuuite mwanga uliochujwa.

Mwaka 1811 Mfaransa Arago aliona kwamba jiwe la kwatzi huzungusha mwelekeo wa mwanga uliochujwa. Mwaka 1815 mwenzake Biot akaona kwamba hata vimiminika hufanya hivyo, ikiwemo tapentaini na maji ya sukari. Halafu mwaka 1848 Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, akakaa na darubini na kibano akachambua fuwele za chumvi ya asidi ya tartari moja moja, za kushoto huku na za kulia kule, kama mama anayechambua mchele. Alipoziyeyusha, fungu moja lilizungusha mwanga kulia na jingine kushoto, kwa kiasi kile kile. Zilipochanganywa nusu kwa nusu, mwanga haukuzunguka kabisa.

Mwaka 1853 Pasteur alipata njia isiyohitaji kibano. Alitumia vitu vilivyotokana na magome ya mkwinini, mti ambao kwa miongo mingi umelimwa kule Kivu na kukamuliwa kwinini mjini Bukavu. Kwinini yenyewe huzungusha mwanga kushoto. Ndugu yake anayetoka kwenye gome lile lile, kwinidini, huzungusha kulia, na madaktari wamemtumia kwa mapigo ya moyo yaliyovurugika. Hao si mapacha kamili, lakini inatosha kukuonyesha kwamba anayechanganya kulia na kushoto hachezi na jambo dogo.

Kipimo hiki kinachoitwa polarimita kimeingia mfukoni mwa wafanyabiashara kuliko wanavyojua. Sukari ya mezani hupimwa hivi: gramu 26 huyeyushwa hadi mililita 100, hutiwa kwenye bomba la sentimita 20, na mwanga wa manjano wa taa ya sodiamu ukipitishwa hupinda kulia kwa nyuzi 34.6. Hiyo ndiyo alama 100 ya kiwanda cha sukari, iwe Moso au Kagera au Brazil. Sukari ikiwa na uchafu, alama hushuka. Sukari ghafi inayouzwa kwa mikataba kwenye soko la New York hupangiwa bei kwa msingi wa alama 96. Wale wanaodhani bei ya sukari inaamuliwa na wanasiasa peke yao wamesahau taa hiyo. Na dripu ya dextrose inayotundikwa hospitalini imepewa jina lake na mwanga: dextro ni kulia, kwa kuwa sukari hiyo huzungusha mwanga kulia.

Asali inapendeza zaidi. Asali ya maua ina fruktosi nyingi kuliko glukosi. Fruktosi huvuta mwanga kushoto kwa nguvu, glukosi huuvuta kulia kwa nguvu ndogo, na katika mvutano huo kushoto hushinda. Kwa hiyo asali halisi ya maua, iwe ya Tabora, Kigoma au ya kwetu Ruyigi, kwa kawaida huzungusha mwanga kushoto. Mtu akiichakachua kwa maji ya sukari ya mezani, kipimo huanza kurudi nyuma kuelekea kulia, na kikivuka sifuri, muuzaji ana maswali ya kujibu. Lakini wajanja nao wamesoma. Sukari ikichemshwa na ndimu au asidi nyingine huvunjika kuwa glukosi na fruktosi, na mzunguko wake hugeuka kutoka kulia kwenda kushoto. Asali iliyochanganywa na maji hayo huipita polarimita ikicheka, na hapo inabidi vipimo vingine.

Ukitaka kuona kwa macho yako, huhitaji maabara. Mimi nilisomea ukimbizini upande wa Kigoma, ambako maabara yetu ilikuwa ubao na chaki, kwa hiyo napenda sana jaribio lisilo na gharama. Washa kompyuta yenye skrini ya kawaida ya LCD, iache iwe nyeupe; mwanga wake tayari umechujwa. Vaa miwani ya jua ya aina ya polaraizi, au tumia plastiki ya mbele ya kikokotoo kilichokufa, na uinamishe kichwa hadi skrini iwe nyeusi. Kisha weka mbele yake glasi ya maji ya sukari mazito, kama ya kutengenezea kashata. Ndani ya glasi mwanga utarudi, na ukiinamisha kichwa taratibu utaona rangi zikibadilika, bluu, zambarau, manjano. Wanafunzi wangu huwa hawaamini kwamba hakuna rangi iliyotiwa.

Tatizo la mwanga

Angalia lakini tulichotumia: glasi nzima ya sukari. Katika kila kijiko chake kuna molekuli nyingi kuliko nambari tunazozizoea sokoni, na kila moja inausukuma mwanga kidogo mno. Tukiwa na tone moja la damu ya mtoto, au punje ya unga iliyokwanguliwa kwenye kidonge, msukumo huo haupimiki kirahisi.

Wataalamu hutumia pia mwanga wa aina nyingine, unaojisokota kama uzi wa parafujo, ama kwa kushoto ama kwa kulia. Pacha mmoja humeza mwanga wa kulia zaidi kidogo, mwenzake wa kushoto zaidi kidogo. Neno ni hilo la “kidogo”. Kwa molekuli nyingi tofauti ni sehemu moja kati ya elfu, na mara nyingi ni moja kati ya laki. Mashine inayoweza kuiona hubadili msokoto wa mwanga makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na bei yake haisemeki mbele ya mkuu wa shule.

Sababu ya udhaifu huo ni ukubwa. Uzi wa parafujo ya mwanga tunaouona kwa macho una hatua ya nanomita 400 hadi 700. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Molekuli ya dawa ina nanomita moja hivi. Kwa hiyo mwanga unapopita kwenye molekuli, molekuli haihisi msokoto wowote. Inahisi mstari ulionyooka, kama sisimizi anayetembea juu ya kamba ya meli asivyojua kwamba kamba imesokotwa.

Dawa ya tatizo hilo ni kuusokota mwanga upya, kwa hatua fupi zaidi, mahali pale pale molekuli ilipo. Hapa ndipo dhahabu inapoingia.

Dhahabu isiyo ya vito

Msomaji asishtuke kusikia dhahabu. Huenda ameshaishika. Ule mstari mwekundu unaotokea kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria, vinavyotumika hata kwenye zahanati ya kijijini, ni chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haiwi ya manjano, huwa nyekundu. Mwanga ukiipiga, elektroni zake hukimbia huku na huko kwa pamoja kama maji kwenye beseni lililotikiswa, na kuzunguka chembe hiyo mwanga hukusanyika, ukawa mkali na uliobanwa mahali padogo sana.

Chembe ya mviringo hubana mwanga lakini haiupi mkono. Ukiipa dhahabu umbo lenye mkono, mwanga uliobanwa nao unapata mkono, na msokoto wake kando ya dhahabu unaweza kuwa mkali kuliko wa mwanga wa kawaida.

Mwaka 2009 kundi la Karlsruhe, Ujerumani, lilitengeneza msitu wa springi ndogo mno za dhahabu zilizosimama wima, ukawa ua unaopitisha mwanga wa msokoto mmoja na kuzuia mwingine. Mwaka 2010 watafiti wa Exeter na Glasgow nchini Uingereza walichora juu ya kioo mistari na mistari ya misalaba ya dhahabu yenye ncha zilizopinda, kila mmoja ukiwa na upana wa nanomita 400 hivi. Kioo kimoja kilikuwa na ncha zilizopinda kulia, kingine kushoto. Walipoweka protini juu yake, rangi ambazo dhahabu huzijibu zilisogea kwa kiasi tofauti kwenye vioo viwili, na waliripoti kuona kiasi cha pikogramu, yaani sehemu za trilioni za gramu, kwa wepesi uliofikia mara milioni ya kipimo cha kawaida.

Takwimu hiyo ya milioni ilileta ubishi, na mimi niko upande wa waliouliza maswali. Mahesabu mengi yaliyofuata hutoa ongezeko dogo zaidi kwa mbali. Mwaka 2011 Tang na Cohen wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walipotengeneza mwanga wenye msokoto mkali kwa kuurudisha mwanga juu ya wenyewe kwa kioo, bila dhahabu yoyote, walipata utofautishaji wa mapacha ulio bora mara 11 kuliko mwanga wa kawaida. Mara 11 si milioni, lakini ni namba ambayo mtu unaweza kuisimamia.

Shida kubwa iko hapa: dhahabu yenye umbo la mkono ina sauti yake yenyewe, na sauti hiyo ni kubwa kuliko ya molekuli. Ni kama kusikiliza mbu karibu na ngoma. Dhahabu ikisogezwa kidogo na kitu chochote, hata maji au chumvi, kipimo kinaweza kusema “kulia” wakati hakuna cha kulia. Ndiyo sababu ya kutumia vioo viwili vyenye mikono kinyume. Kitu kisicho na mkono huvisogeza vyote sawa. Chenye mkono huvitofautisha. Mfanyabiashara anaelewa haraka: mizigo ya magunia ukiitilia shaka mizani, unaipima kwenye mizani mbili, na unachoandika daftarini ni ile tofauti. Wengine wameiacha dhahabu na kutumia silikoni, ambayo haipotezi mwanga mwingi kwa kupata joto. Halafu kuna suala la rangi. Molekuli nyingi za dawa hujibu mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, na dhahabu hufanya kazi vizuri kwenye mwekundu na kuendelea. Kwa hiyo alumini nayo imejaribiwa. Hakuna chuma kimoja kinachofaa kila kazi.

Na gharama? Kuchora misalaba kwa miale ya elektroni ni kazi ya polepole, kioo chenye ukubwa wa ukucha huchukua muda mrefu, na mashine yake si ya nchi maskini. Ndiyo maana kazi mbili ninazozipenda zaidi ni zile ambazo dhahabu imejipanga yenyewe. Mwaka 2012 kundi la Munich liliunda vijiti kwa kutumia DNA na kuzinasisha chembe tisa za dhahabu kwa mzunguko kama ngazi ya mnara, za kushoto au za kulia kadiri walivyotaka, zikaelea majini na kuzungusha mwanga. Mwaka 2018 watafiti wa Seoul, Korea Kusini, wakakuza chembe za dhahabu ndani ya maji yenye sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga miili yetu. Wakitumia sisteini ya kushoto, chembe zilikua zikijipinda upande mmoja. Wakitumia ya kulia, zikajipinda upande mwingine. Walipotumia peptidi yenye sisteini ndani yake, tofauti ya umezaji wa mwanga ilifika sehemu mbili kati ya kumi. Linganisha na ile moja kati ya elfu niliyoitaja. Kitu kinachokuzwa kwenye chupa ya maji kinaweza siku moja kutengenezwa kwa wingi; kinachochorwa kimoja kimoja ni vigumu.

Inatufaa nini

Kwa asali na sukari, nanoteknolojia ni kumuua mbu kwa bunduki. Polarimita inatosha, na ni kifaa cha karne ya 19. Hata kidonge kizima kinaweza kuchambuliwa kwa njia za kawaida, mradi dawa itenganishwe kwanza na vijazio. Kijazio kama laktosi nacho huzungusha mwanga kulia, hivyo anayesaga kidonge na kukipima hivyo hivyo anaweza kuwa anapima maziwa.

Kwenye tone la damu ni habari nyingine. Mwili hauwatendei mapacha sawa. Praziquantel yenyewe huvunjwa kwa kasi tofauti, na yule anayefanya kazi ndiye anayeondoka mapema. Kuna dawa ambazo mapacha hubadilishana ndani ya mwili. Thalidomide, iliyouzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 hadi 1961 na kusababisha watoto zaidi ya 10,000 duniani kuzaliwa na viungo vilivyoharibika, ni mojawapo. Mara nyingi husimuliwa kwamba wangeuza pacha mzuri peke yake watoto wangepona. Si kweli, kwa sababu pacha mzuri akishaingia mwilini hugeuka kuwa mwenzake. Cheti cha kiwandani hakiwezi kukuonyesha hilo. Linaonekana kwa kupima damu, kidogo kidogo, saa baada ya saa, na kwa mtoto wa miaka miwili huwezi kuchota damu chupa nzima. Huko ndiko vioo hivi vya dhahabu na silikoni vinakokwenda, na safari bado haijafika dukani.

Kwa leo, mwenye duka la dawa anaweza kuanza na majina. Levofloxacin ni pacha wa kushoto wa ofloxacin. Ofloxacin ni mchanganyiko. Levocetirizine ni pacha mmoja wa cetirizine. “Levo” ni kushoto. Dawa ya pacha mmoja mara nyingi ni ghali kuliko mchanganyiko, na nje ya boksi hakuna tofauti unayoweza kuiona wala kuionja. Shehena yenye cheti cha uchambuzi kutoka kiwandani huwa na mstari unaotaja mzunguko wa mwanga, wenye namba na alama ya kujumlisha kwa kulia au ya kutoa kwa kushoto. Levofloxacin inapaswa kuwa na alama ya kutoa. Ofloxacin iliyovalishwa jina hilo, kama praziquantel ya zamani iliyovalishwa jina jipya, itasoma sifuri.